Kilwa na Mahali Pake: Sababu za Mji Mkuu Kusimama na Kuanguka

Mtu atazamaye ramani ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kuanzia Mogadishu mpaka Sofala, ataona kwamba miji ya kale haikutawanyika ovyo. Mingi katika miji mashuhuri ilijengwa juu ya visiwa vilivyo karibu sana na bara: Pate, Lamu, Mombasa, Kilwa, na kisiwa cha Msumbiji. Jambo hili si la bahati. Waliojenga miji hiyo walikuwa na haja ya mambo manne: pepo za kuleta vyombo na kuvirudisha, bandari iliyo salama, maji matamu ya kunywa, na bara lililo karibu la kutoa chakula na bidhaa. Mahali penye moja tu kati ya haya palifaa kwa dago la wavuvi. Mahali yalipokutana yote manne ndipo palipoweza kusimama mji mkuu.

Hata hivyo mambo hayo manne hayatoshi kueleza kila kitu. Pwani hii ndefu ina ghuba nyingi zenye kina, na visiwa vingi vyenye visima, ambavyo havikupata kuwa na mji wenye jina. Tena, ikiwa mahali ndipo pajengapo mji, yapasa kuulizwa kwa nini mji huanguka hali mahali pake hapakubadilika. Kwa maswali haya mawili hapana mji ufaao kuchunguzwa kuliko Kilwa Kisiwani. Kilwa ilikuwa na sultani wake, sarafu zake na tarikh yake iliyoandikwa. Nayo iliinuka, ikatajirika, ikaanguka, ikainuka tena kwa namna nyingine, hali bandari yake ilikuwa na kina kile kile na pepo zake zikivuma kwa miezi ile ile.

Pepo na mipaka yake

Kila nahodha wa pwani ajua kwamba Bahari ya Hindi ina pepo kuu mbili. Kaskazi huanza mwishoni mwa mwaka, yapata Novemba au Desemba, ikivuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, nayo hudumu mpaka Machi. Baada ya siku za maleleji, ambazo upepo hauna mwelekeo, huja Kusi, ivumayo tangu Aprili ikielekea kaskazini mpaka Septemba au Oktoba. Basi chombo kilichotoka Guba au Gujarati kilishuka na Kaskazi, kikauza na kununua, kikangoja Kusi ya kukirudisha kwao.

Lakini pepo hizi zina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi katika historia. Mpaka wa kwanza ni wa mahali. Kadiri chombo kinavyozidi kwenda kusini, ndivyo Kaskazi inavyopungua nguvu. Na kikiisha kupita Rasi Delgado, upepo huo si wa kutegemewa tena. Mpaka wa pili ni wa wakati. Katika miezi ya Juni na Julai Kusi huvuma kwa ukali, na bandari za magharibi ya Bara Hindi zilikuwa haziingiliki kwa vyombo vya tanga. Ilimpasa nahodha aondoke pwani kabla ya ukali huo, au angoje mpaka upungue mnamo Agosti na Septemba.

Mfanyabiashara wa ng'ambo alikuwa akipiga hesabu kwa mambo haya mawili. Kufika Mogadishu au Mombasa na kurudi katika mwaka mmoja kulikuwa kwepesi. Kufika Kilwa, iliyo karibu na digrii 9 kusini ya Ikweta, na kurudi katika mwaka huo huo kuliwezekana pia, iwapo hakupoteza siku njiani. Lakini kufika Sofala, karibu na digrii 20, kulikuwa ni jambo jingine. Aliyekwenda huko aliweza kukosa upepo wa kurudia, naye akalazimika kukaa pwani msimu mwingine mzima, mali yake imelala, mabaharia wake wakila, na mbao za chombo chake zikiliwa na fukusi wa baharini.

Kwa hiyo Kilwa ilisimama pale kamba ya pepo ilipokwisha. Mgeni aliweza kufika hapo, lakini haikumfaa kwenda mbele zaidi. Mwenyeji wa Kilwa, ambaye hakuwa na haja ya kurudi Arabuni, ndiye aliyeweza kushuka Sofala kwa vyombo vya pwani na kungoja upepo wake kwa subira. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliambiwa na mfanyabiashara mmoja kwamba kutoka hapo mpaka Sofala ni mwendo wa nusu mwezi. Utajiri wa Kilwa ulikaa katika nusu mwezi hiyo.

Kisiwa na kivuko chake

Kisiwa cha Kilwa ki ndani ya ghuba, kimekingwa na bara upande mmoja na visiwa vya jirani, kama Songo Mnara, upande mwingine. Maji yaliyo kati yake na rasi ya Masoko yana kina cha kutosha kwa vyombo vikubwa, nayo hutulia hata bahari ya nje ikichafuka. Katika mwambao wa ghuba yamejaa mikoko, iliyotoa boriti za nyumba na kuni za kuchomea chokaa.

Watu wa Kilwa wenyewe walijua kwamba mji wao ulitokana na umbo la nchi, na ujuzi huo wameuhifadhi katika hadithi. Tarikh ya Kilwa yasema kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi, alipofika alikikuta kisiwa kikiwa mikononi mwa mkuu wa watu wa bara. Akakinunua kwa nguo za kukizunguka kisiwa chote. Wakati huo, yasema tarikh, mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara maji yalipokupwa. Baada ya biashara hiyo yule mkuu aliazimu kurudi kwa vita, lakini mlango wa bahari ulikuwa umekwisha kuchimbwa, maji yasikupwe tena kabisa. Masimulizi ya Kiswahili yaliyoandikwa baadaye yasema kwamba hapakuchimbwa. Ilisomwa Kurani, na bahari ikakataa kukauka.

Hadithi hii imesomwa mara nyingi kwa ajili ya kutafuta asili ya masultani. Yafaa pia isomwe kwa ajili ya yale isemayo juu ya mahali. Kwanza yasema kwamba kisiwa kilinunuliwa, na muuzaji humtangulia mnunuzi. Jembe la wachimbaji limethibitisha neno hili. Uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba, kabla ya majumba ya mawe, palikuwapo kijiji cha nyumba za miti na udongo, ambacho watu wake walivua samaki, walifua chuma na kutengeneza shanga za kombe. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifunua mji ulioanza katika karne ya 8, nao ulikua kukizunguka kisima. Na chini ya msikiti wa mawe palikutwa alama za misikiti ya miti iliyotangulia. Basi wageni hawakuvumbua mahali. Mahali palikuwa pamekwisha kuchaguliwa na watu waliojua kisima kiko wapi na kivuko kikauka lini.

Pili, hadithi yaonyesha kwamba jambo moja la nchi laweza kuwa neema kwa watu wa zama moja na hatari kwa watu wa zama nyingine. Kwa wavuvi waliolima bara na kulala kisiwani, kivuko cha miguu kilikuwa faida tupu. Kwa mji wenye ghala za nguo na dhahabu, kivuko hicho hicho kilikuwa mlango usio na komeo. Ndiyo sababu wenye tarikh walitaka kusadiki kwamba kimefungwa, iwe kwa jembe, iwe kwa dua.

Lakini hakikufungwa kwa namna ya kutosha. Mwaka 1587 Wazimba, jeshi lililopanda kutoka nchi za Zambezi, waliuhusuru mji wa Kilwa kutoka bara. João dos Santos, padre wa Kireno aliyeandika habari zao, asema kwamba walikaa kitambo bila ya kuweza kuingia, mpaka mwenyeji mmoja alipowaonyesha usiku njia ya kuvukia wakati wa maji kupwa, nao wakaingia wakaua watu wengi. Mji uliohadithia kufungwa kwa kivuko ulishindwa kwa kivuko. Miaka miwili baadaye, mwaka 1589, Wazimba hao waliingia katika kisiwa cha Mombasa kutoka bara, hali Wareno wanaushambulia mji kutoka baharini. Kisiwa humkinga mwenyewe maadamu adui ana njia moja tu ya kumjia.

Maji, chakula na mawe

Visiwa vya matumbawe havina mito. Mvua inyeshayo huzama katika mawe yenye matundu, ikakaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Kisima kizuri ni kile kifikiacho maji hayo matamu bila ya kugusa yale ya chini; na watu wakiteka kupita kiasi, chumvi hupanda. Kwa hiyo kila mji wa kisiwani ulikuwa na kikomo cha watu ambacho hakikuwekwa na sultani yeyote. Huko Takwa, katika kisiwa cha Manda, uhaba wa maji matamu ni miongoni mwa sababu zitajwazo za watu kuhama. Na huko Gedi, mji ulioachwa katika karne ya 17, kupungua kwa maji ya visima kumehesabiwa pamoja na vita katika sababu za kuachwa kwake. Lamu nayo imeishi kwa vilima vya mchanga vya Shela, vinavyohifadhi maji ya mvua chini yake.

Kilwa ilibahatika katika jambo hili. Wareno waliofika mwaka 1505 waliandika habari za visima vyake, za bustani zilizomwagiliwa maji ya visima hivyo, na za michungwa na milimau. Kisiwa kilikuwa na ardhi ya kulimwa, na zaidi ya hapo bara lilikuwa karibu. Mombasa ya zama za Ibn Battuta ilikuwa na ndizi, malimau na samaki, lakini nafaka yake ililetwa kutoka kwingineko. Mji wa namna hiyo ulikuwa ukila kwa hisani ya vyombo na majirani.

Hata sura ya nyumba ilitoka katika nchi. Matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi huchongeka kama mbao, kisha yakikauka huwa magumu; hayo yalitumika kwa mihirabu na mapambo. Mawe ya nchi kavu yalitumika kwa kuta, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo ya mikoko. Dari zilikaa juu ya boriti, na boriti ya mkoko haifai kupita urefu fulani bila ya kupinda. Ndiyo sababu vyumba vya miji ya kale ni virefu na vyembamba kutoka Lamu mpaka Kilwa: upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa mti.

Mji juu ya njia ya dhahabu

Yote yaliyotajwa yangaliweza kuifanya Kilwa kuwa mji wa kadiri, wenye kula na kushiba. Kilichoifanya kuwa mji mkuu kilikuwa mbali nayo. Katika nchi ya juu iliyo kati ya mito ya Zambezi na Limpopo palichimbwa dhahabu, na huko ndiko ulikostawi mji wa mawe wa Zimbabwe. Dhahabu hiyo ilishuka mpaka Sofala. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10, alikwisha kuitaja Sofala kuwa nchi ya dhahabu.

Wareno waliandika mapokeo kwamba watu wa Mogadishu ndio waliotangulia kufanya biashara ya Sofala, na kwamba Kilwa iliigundua kwa sababu ya mvuvi aliyekokotwa na samaki mkubwa mpaka akachukuliwa na maji hadi huko. Ikiwa mvuvi huyo alikuwako au hakuwako, maana ya hadithi ni wazi. Mogadishu ilikuwa mbali mno na Sofala kuweza kuishika njia hiyo wakati mshindani aliye karibu zaidi alipotokea. Kilwa ilikuwa na sifa mbili kwa pamoja: ilikuwa kusini ya kutosha kuitawala njia ya Sofala, nayo ilikuwa kaskazini ya kutosha kufikiwa na vyombo vya ng'ambo katika mwaka mmoja. Bandari zilizo kaskazini yake zilikuwa na sifa ya pili bila ya kwanza. Zilizo kusini yake zilikuwa na ya kwanza bila ya pili.

Utajiri uliotokana na nafasi hiyo waonekana mpaka leo katika magofu. Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, na ambaye Ibn Battuta alimsifu kwa ukarimu, alijenga jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika ya kuogea yenye pembe nane. Msikiti Mkuu nao ulipanuliwa. Husuni Kubwa haikujengwa katikati ya mji, karibu na visima na watu. Ilijengwa mashariki ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, mahali ambapo chombo kiingiacho bandarini huonekana kabla ya kutia nanga. Na pamoja na makao ya sultani mlikuwa na uwanja wenye vyumba vilivyofaa kuwa ghala. Sultani aliyechagua mahali hapo alijua mali yake yatoka wapi. Sarafu moja ya sultani huyo imekutwa Zimbabwe, ndani kabisa ya bara.

Lakini katika utajiri huo mlikuwa na udhaifu. Wenyeji walisokota pamba na kulima mashamba, ila dhahabu ilichimbwa na wengine, nguo za thamani zilifumwa Bara Hindi, na vyombo vikubwa vilikuwa vya watu wa ng'ambo. Kilwa ilikuwa na mahali tu. Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na aliyetegemea njia ya watu, ilimpasa kuomba watu wasibadili njia. Jumba la Husuni Kubwa lenyewe liliachwa kabla ya kumalizika. Na katika karne ya 15 biashara ya dhahabu ilianza kupita pengine, kwa mto Zambezi na bandari za Angoche, hali Mombasa na Malindi zikizidi nguvu kaskazini.

Njia ilipogeuka

Pigo kubwa lilitoka upande usiotazamiwa. Miji yote ya pwani ilikuwa imeuelekeza uso wake kaskazini, kwa kuwa huko ndiko vyombo vilikotoka. Mwaka 1498 Vasco da Gama alikuja kutoka kusini, baada ya kuizunguka rasi ya mwisho wa Afrika. Mwaka 1500 Cabral alifika Kilwa. Mwaka 1502 da Gama alirudi, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi. Na mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akaanza kujenga ngome. Mwaka huo huo Wareno walijenga ngome nyingine Sofala.

Yafaa kutazama ni ipi kati ya ngome hizo mbili iliyoiua Kilwa. Ile ya Kilwa iliachwa mwaka 1512, na Wareno wakaondoka kwa hiari yao. Ile ya Sofala ilibaki. Aliyeishika Sofala alikuwa ameikata kamba kwenye ncha yake, na Kilwa haikuwa tena na cha kungojea. Wala Kilwa haikuwafaa Wareno kama kituo cha safari. Kwa mtu atokaye kusini, bandari ya kwanza ya kupumzikia si Kilwa bali ni kisiwa cha Msumbiji. Na kisiwa hicho, ambacho chini ya njia ya zamani kilikuwa mji mdogo, kikawa makao makuu ya utawala wa Kireno katika nchi hiyo mpaka mwaka 1898. Pepo hazikugeuka. Kilichogeuka ni upande watu waliotokea.

Karne mbili na nusu baadaye Kilwa iliinuka tena, na huku ni kuinuka kusikofurahisha kusimuliwa. Wafaransa waliokuwa na mashamba katika visiwa vya Mauritius na Réunion walitafuta watumwa, nao wakaiona Kilwa kuwa bandari iliyo karibu na nchi yenye watu wengi, mbali na macho ya Wareno wa Msumbiji. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka. Mahali pale pale palipokuwa lango la dhahabu pakawa lango la binadamu. Nchi haichagui bidhaa ipitayo juu yake. Wanaochagua ni watu, na hesabu ni juu yao.

Kivinje, Masoko na miji mingine

Biashara hiyo mpya ilikuwa na umbo jingine, na umbo hilo liliuhamisha mji. Dhahabu ilikuwa ikija kwa chombo kutoka Sofala, na kwa hiyo kisiwa kilifaa. Pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19 walikuja kwa miguu, katika misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa. Kwa msafara, kisiwa ni kizuizi. Basi ukakua mji wa Kilwa Kivinje, kwenye ufuko wa bara kaskazini ya kisiwa, na Kilwa Kisiwani ikabaki kijiji. Pwani ya Kivinje ni ya maji haba, na bandari ya Kisiwani ilikuwa bora mara nyingi. Lakini jahazi laweza kulala juu ya mchanga maji yakipwa, na mwenye msafara hakuwa na haja ya zaidi ya hayo. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari, na msingi wa utajiri wa Kivinje ukaanza kubomoka. Baadaye, zilipokuja meli za moshi zenye kutaka kina, makao ya serikali yalihamia Kilwa Masoko, kwenye rasi inayokitazama kisiwa cha kale ng'ambo ya maji. Hivyo jina moja la Kilwa limechukuliwa na miji mitatu, kila mmoja umefuata chombo na njia ya zama zake.

Habari za namna hii hazikuipata Kilwa peke yake. Mombasa haikuhama kisiwa chake, bali iligeuza uso. Mji wa kale ulitazama bandari ya kaskazini, ilikotia nanga mitepe na majahazi. Ilipofika reli, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, bandari ya kusini ndiyo iliyotwaa kazi, nayo ni Kilindini, ambayo jina lake lasema sababu yenyewe: ni mahali penye kilindi. Bagamoyo nayo, yenye ufuko ulio wazi na maji haba, ilikuwa mlango wa misafara kwa kuwa ilikabiliana na Unguja. Dar es Salaam ilikuwa na bandari iliyojificha nyuma ya mlango mwembamba, wenye taabu kwa vyombo vya tanga na wepesi kwa meli za moshi. Sultani Majid alianza kujenga huko katika miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870 kazi ikaachwa. Na mwaka 1891 Wajerumani wakahamisha makao yao kutoka Bagamoyo. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwapo miaka yote ambayo Bagamoyo ilisitawi. Ilikuwa ikingoja meli ya kuifaa.

Na ilipokatwa shauri, mwaka 1973, kwamba makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma, kipimo kilichotumika hakikuwa tena upepo wala kina cha maji. Kilikuwa umbali wa raia wa kila upande na serikali yao. Nchi iliyokuwa ikitazama bahari ilichagua kujitazama yenyewe. Hilo pia ni jiografia, ila ni jiografia ya swali jingine.

Mafundisho ya Kilwa

Kutokana na habari hizi yaonekana kwamba hapana mahali palipo pazuri kwa kila zama. Kisiwa, kivuko, kisima na upepo ni vitu vya kudumu; thamani yake si ya kudumu. Thamani hutoka katika njia ipitayo hapo, na njia hufuata aina ya chombo, aina ya bidhaa, na upande watu watokao. Asemaye kwamba nchi ndiyo iliyoijenga Kilwa, na asahau watu walioichagua, hawezi kueleza kwa nini mji ulianguka hali nchi ipo. Naye asemaye kwamba watu pekee ndio walioijenga, asahau nchi, hawezi kueleza kwa nini watu wenye akili na mali walihangaika mahali pengine wasipate nusu ya ilichopata Kilwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na kuanzia mwaka 2004 mpaka 2014 yalihesabiwa miongoni mwa yaliyo hatarini. Moja ya hatari hizo ni mawimbi, yanayoila pwani na kuangusha kuta zilizo karibu na maji. Na kupandwa kwa mikoko, ili izuie mmomonyoko, ni sehemu ya dawa iliyotumika. Mkoko uliotoa boriti za mji sasa waombwa kuulinda. Na jabali la Husuni Kubwa, alipokaa sultani akingojea vyombo, bado latazama mlango ule ule wa bahari, ambamo mashua za wavuvi hutoka na kurudi kwa pepo zile zile za Kaskazi na Kusi.